Siku Mbili Nilizokaa Sosiot Kabla ya Kufika

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa dawa, nilipewa sufuria. Sista aliyesimamia zahanati ya misheni pale Sosiot alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akaona kijana wa kando ya ziwa anayetetemeka kwa baridi ya milimani, akanionyesha sufuria kubwa nyeusi juu ya mafiga.

"Zakaria," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu, "kitu naweza chemka, wewe chemsha. Kitu hapana weza chemka, wewe sugua."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu ya asubuhi ile, na niliyashika kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Sisi tuliitwa madresa. Dresa ni mfunga vidonda, na ninyi mnaovaa sare nyeupe leo mna majina marefu zaidi kwa kazi ileile. Kidonda tulichopambana nacho hasa kilikuwa donda ndugu, lile linalokula muundi wa mguu mpaka ukaribie kuuona mfupa. Tulikiosha kwa maji ya zambarau ya pemanganeti, tukakata nyama iliyooza kwa mkasi uliochemshwa, tukapaka iodini, tukafunga bendeji. Bendeji haikutupwa. Ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa kwenye ua, hata mpita njia angedhani Sista ana watoto wachanga wa kijiji kizima. Wagonjwa walikuwa Wakipsigis, wenyeji wa vilima vile, pamoja na vibarua wa mashamba ya chai. Chai yenyewe ilikuwa bado changa; sehemu nyingine ilinifikia magotini tu.

Mimi sikuajiriwa. Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanganyika, na nilifundishwa kufunga vidonda katika misheni ya huko. Daktari Mkuu wa misheni, aliyesimamia zahanati za pande zote mbili za mpaka, alisimama kanisani akauliza ni nani atakayekwenda Kenya kujitolea kwa miaka miwili, kwa chakula na mahali pa kulala tu. Niliinua mkono kabla sijafikiri. Mama alisema nimerogwa, na nilipoionja baridi ya Sosiot nilikaribia kumwamini.

Mahali pa kulala palikuwa nyumbani kwa mjane mmoja wa Kikipsigis, Kogo Taprandich. Kogo ni bibi kwa lugha yao. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Jioni ya kwanza alinikaribisha kwa mursik, maziwa ya mgando yanayolazwa ndani ya kibuyu kwa siku kadhaa. Alimimina, nami nikaona chembe nyeusi zinaelea. Masizi! Nilifumba macho nikameza kwa heshima, huku nikimsikia Sista kichwani mwangu akisema, sugua.

Mwezi wa pili Kogo alikwenda sokoni Kiptere, nami nikaamua kumlipa wema wake. Nilikusanya vibuyu vyake vyote vitano, nikateremka navyo mtoni na kipande cha sabuni ya kaboliki, nikatia changarawe ndani, nikavisugua mpaka vikawa vyeupe kama siku vilipochumwa. Nilivipanga mlangoni juani, nikakaa kando nikingoja kushukuriwa.

Kogo alirudi. Alichukua kibuyu cha kwanza, akanusa. Akachukua cha pili, akanusa. Kisha akakaa chini, pale pale udongoni, na kibuyu mapajani.

Nyeusi ile haikuwa uchafu. Ilikuwa mkaa wa mti wanaouita senetwet, unaochomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu kila mara kabla ya kutia maziwa. Ndio unaoyatunza maziwa yasiharibike, na ndio unaoyapa ladha. Mkaa huo hujenga tabaka kwa miaka. Kibuyu kimoja katika vile vitano alikianza mama mkwe wake, nami nilikuwa nimekimaliza kwa asubuhi moja, kwa sabuni. Nawaambia wazi, sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baada.

Siku tatu hakusema nami. Siku ya nne alinitupia panga. "Wewe naharibu, wewe natengeneza," akasema. Nikakata matawi ya senetwet, nikachoma, nikasugua mkaa ndani kwa kijiti chenye nyuzi ngumu, naye akiwa nyuma yangu akisahihisha mkono wangu. Kazi ile ni ya wanawake. Mwanamume, tena mgeni, kuketi mlangoni akipaka vibuyu mkaa ilikuwa habari ya kutembea kilima hadi kilima. Watu walikuja kutazama. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Waliokuja kucheka walikuwa na miguu, miguu ilikuwa na vidonda, na mimi nilikuwa na pemanganeti. Kabla ya mvua kuisha, mabenchi ya zahanati yalikuwa yanajaa. Sista aliandika katika ripoti yake kwamba ni matunda ya sala. Sikumbishia.

Kibuyu kimoja Kogo alikifanya changu. "Hii ya Sabuni," akasema. Jina hilo lilinigandama mimi pia.

Miaka yangu miwili ilipokwisha, baba alikuwa amefariki, nikarudi kwetu kumsaidia mama. Nilikaa huko karibu miaka miwili mingine, nikilima na kuvua. Ndipo ikaja barua ya Sista. Dresa aliyenifuata, aliandika, aliijua kazi kuliko mimi, lakini watu hawakuja kwake, na sasa ameondoka. Daktari Mkuu amechoka kuleta dawa kwa mabenchi matupu. Angefika Alhamisi fulani. Akikuta hakuna wagonjwa, angepakia masanduku kwenye lori na kuifunga zahanati. Donda ndugu la Sosiot lingetembea lenyewe mpaka hospitali ya Kericho, kwa mguu huohuo unaooza.

Mama aliisoma ile barua usoni mwangu. "Nenda," akasema. "Tangu urudi, mwili tu ndio uko hapa."

Nilivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, nikapanda milima ndani ya lori la meneja wa shamba moja la chai, juu ya magunia, nikiimba. Niliposikia harufu ya moshi wa kuni mbichi na mvua nilicheka peke yangu. Nilifika Sosiot Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya Daktari Mkuu.

Sista alinishika mikono miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyuma ya zahanati kilikuwa kimejengwa chumba cha dresa, cha mabati, chenye kitanda cha kamba. Niliweka mzigo wangu humo, nikavaa aproni, nikachemsha mikasi. Sikutaka kupoteza hata saa moja.

Hakuja mtu. Watu walipita barabarani, wakaniona, wakainua mkono, "Chamge, Sabuni!" wakaendelea na safari. Mmoja alikuwa anachechemea. Jumanne ikawa vilevile. Mikasi ilichemka, ikapoa, ikachemka tena. Jioni Sista alianza kukunja bendeji akizitia sandukuni, taratibu, bila kunitazama, na mimi moyo uliniuma. Nilikuwa nimeuacha ufukwe na mama yangu kwa ajili ya watu walionisalimia tu.

Jumatano asubuhi alikuja arap Sang, mzee aliyetukatia kuni. Alitua mzigo wake uani. Muundi wake ulikuwa umefungwa jani la mgomba, na inzi wanalijua.

"Mzee wangu, keti hapa nikuoshe mguu," nikamwambia.

"Nani ataosha?"

"Si mimi hapa?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyezaliwa jana. "Wewe pado hujafika," akasema kwa lafudhi ya kwao.

"Nimefika tangu juzi, mzee."

"Hapana. Wewe iko njiani. Mtu nafika kwa nyumpa yake, nakunywa maziwa, halafu nafika. Yule tresa ingine alilala hapa kwa mapati, hakunywa kwa mtu. Sisi hatukujua yeye ni wa nani. Sasa wewe pia nalala kwa mapati." Akainua shoka lake. "Watu nangoja wewe ufike."

Kumbe wagonjwa wangu walikuwa wananingojea mimi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata huo ugeni nilikuwa sijauanza. Nilivua aproni nikakimbia, watu wazima wakinipisha njia na kucheka.

Kogo Taprandich alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. Hakuinuka.

"Siku mbili," akasema. "Nyumpa yangu ilikimpia?"

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Yeye akaita ndani, na mkwe wake akatoka na kibuyu. Nilikijua kwa ufa mdogo shingoni, nilioutia mwenyewe kwa changarawe. Ndani kilikuwa cheusi, kizito, kikinuka moshi mtamu.

"Tangu wewe naenda, mimi napaka mkaa, natia maziwa," akasema Kogo. "Watoto nakunywa, natia ingine. Sabuni akirudi leo, akute. Hakurudi leo, akute kesho. Sasa kunywa. Maneno paadaye."

Nilikunywa huku machozi yakinitiririka mpaka kidevuni, na sikuyafuta. Nje ya ua nilisikia vigelegele. Nadhani nusu ya kilima ilikuwa imesimama kule.

Alhamisi lori la Daktari Mkuu lilipopanda mlima halikupata mahali pa kusimama. Watu walikuwa wamekaa kuanzia mabenchi hadi barabarani, arap Sang akiwa wa kwanza, mguu amekwisha kuunyoosha. Daktari Mkuu alishuka, akatazama, akamgeukia Sista.

"Uliniandikia hakuna watu."

"Zakaria alikuwa hajafika," Sista akajibu, na akamkabidhi aproni naye afunge vidonda.

Nilifunga vidonda Sosiot kwa miaka mingi baada ya hapo, sasa nikiwa mwajiriwa, kisha nikahamishiwa Siongiroi, kisha hospitali ya shamba la chai chini ya daktari mkali aliyechukia harufu ya moshi. Kila kituo kipya nilitafuta kwanza nyumba ya kunywea maziwa, ndipo nikatafuta ufunguo wa stoo ya dawa. Mabosi wangu walidhani mimi ni mvivu wa siku za mwanzo.

Kogo alishafariki nilipostaafu. Siku ile, baada ya hotuba na keki, niliteremka mpaka nyumbani kwake kuaga, kwa kuwa nilikuwa nimejenga mbali. Mkwe wake, sasa naye ni kogo mwenye mvi, alinitolea kibuyu changu, amekifunga vizuri kwa kitambaa.

"Chukua, Sabuni. Ni yako, na kazi imekwisha."

Nilikipokea, nikakinusa, nikamrudishia.

"Kitie maziwa," nikamwambia. "Nitarudi."