Sketi ya Bwana Harusi

Mkwe wangu ni Mskoti, na usimwite Mwingereza kama hutaki kesi. Mimi nilimwita hivyo mara moja tu, nikakoma. Amesilimu, na shikamoo anaitoa vizuri kuliko wanangu wa kuwazaa. Sina la kumlalamikia. Ila siku ya ndoa alitaka kuniua.

Tulifungisha nyumbani, Bagamoyo. Jamaa wa Fukayosi walishafika, pilau limeiva, wanaume wamekaa mikekani barazani, sisi wanawake tumejazana dirishani nyuma ya pazia. Bwana harusi akaingia na ile sketi yao ya mirabaraba. Aliposimama ilimfika magotini, haya, tukavumilia. Akakunja miguu kuketi. Lahaula! Mapaja nje, mbele ya shekhe.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa walii. Bila yeye hakuna ndoa. Akakaza uso.

"Mwanangu, kajisitiri kwanza. Mtu aliye nusu uchi simwozeshi."

"Nisamehe, baba," kijana akajibu, amekuwa mwekundu mpaka masikio. "Babu zetu waliasi, wakashindwa vita, serikali ya London ikawapiga marufuku kuvaa hivi. Aliyevaa alifungwa. Siku kama ya leo siwezi kuivua."

Hawezi! Nilitamani nimfinye. Binti yangu yuko chumbani na hina yake mikononi, ananiuliza kwa macho kuna nini. Nilijua shemeji akinyanyuka pale mkekani, mwanangu haolewi. Yule mzee akishanyanyuka harudi.

"Nani kakwambia uivue?" shemeji akasema mwishowe. "Sketi sina ugomvi nayo. Hata mimi ndani ya kanzu hii nimejifunga msuli. Ugomvi wangu ni hayo mapaja."

Akavua shali yake begani, akamfunika nayo miguu, kisha akamshika mkono. Akamwoza. Kijana akakubali kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Alhamdulillahi! Nililia kama mtoto, mashoga zangu wakanizima kwa vigelegele. Pilau tamu kama la siku ile sijala tena.

Wageni walipoondoka, kijana akamletea shemeji shali yake, kaikunja vizuri. Shemeji akaisukuma.

"Kaa nayo, mwanangu. Na hii wakiipiga marufuku huko kwenu, niite nije tuivae wote."