Mashine ya Mutwiri Ilipokosa Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja ya serikali mjini Embu, Mkuu wa Mitambo alinipa bisibisi na brashi ya rangi, kisha akaniambia nivue saa na bangili. "Kabla ya kugusa kitu ndani ya hii boksi, shika chuma kwanza," akasema. "Mwili yako iko na stima na hujui." Nilidhani ananitania kwa kuwa nilikuwa msichana mgeni kutoka Kianjokoma. Kumbe hakuwa na mzaha. Umeme mdogo unaokaa mwilini, hasa ukivaa sweta, unaweza kuua kifaa cha ndani ya kompyuta bila wewe kuhisi chochote. Na ile brashi? Ya vumbi. Ninyi vijana mnafikiri ufundi wa kompyuta ni kubofya tu. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kufagia.

Kutoka Embu nilihamishiwa Laare, mji wa wakulima na watafunaji wa miraa. Afisa Msimamizi wa kule alikuwa mtu mpole sana, lakini kila mashine ikikwama aliizima kwa kung'oa waya ukutani. Nilimwomba, nikamsihi, nikachoka. Kibodi za Laare nazo zilijaa majani ya miraa chini ya herufi, hata nikawa nazipindua na kuzipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Huko nilijifunza kwamba mtu hapendi kuambiwa ameharibu mashine. Anataka kuambiwa itapona.

Mwishowe nikapelekwa Meru mjini, ndipo nikakutana na Mutwiri, mpiga chapa wetu. Mutwiri haoni tangu utotoni. Alivaa visikizi, akasikiliza rekodi za mikutano na kuziandika kwenye kompyuta kuukuu ya mezani yenye programu ya kusoma skrini. Kila herufi aliyobonyeza ilitamkwa, na kila mstari ulisomwa kwa sauti. Sisi tulitazama, yeye alisikiliza. Na alikuwa na mdomo! Nikipita karibu naye alisema, "Madam fundi, leo umekuja na viatu mpya. Zinalia."

Siku moja Mkuu wa Utawala, mama mwenye heshima zake, aliniita ofisini. Makao makuu yalikuwa yameagiza kompyuta zote zibadilishwe mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Ule wa zamani haungelindwa tena dhidi ya virusi. Kompyuta mpya hazikuwepo. Ni zile zile kuukuu zivishwe nguo mpya. Ambayo haingebadilishwa ingetolewa kwenye mtandao wa ofisi.

Nilimwendea Mutwiri kwanza. Nilimweleza kwamba programu yake ya zamani haitakubali mfumo mpya, na kwamba nitamtafutia nyingine yenye sauti tofauti.

"Hiyo sauti nimekaa nayo kushinda hata nyinyi," akasema. "Wacha kwanza iniage."

Alichomoa visikizi ili nami nisikie, akaandika neno moja. "Kwaheri," mashine ikasema. Alilirudia, tukalisikiliza pamoja, na mimi niliyezoea kufuta vitu kila siku nikamwomba alirudie mara ya tatu.

Nikahifadhi nakala za kazi zake kwenye diski ya pembeni, nikaanza. Kwa kuwa mashine haisemi wakati huo, nilikaa naye nikimsomea. Sasa inanakili faili. Sasa inajizima. Sasa imeamka. Skrini ikafunguka safi kabisa, ya buluu, na kimya.

Ile kadi ya sauti, kifaa kinachoipa kompyuta mdomo, ilikuwa imeshikamana na bodi kuu, na ilikuwa ya zamani mno. Mfumo mpya haukuwa na draiva yake, ile programu ndogo ya kukitambulisha kifaa. Nikajaribu draiva ya zamani, ikakataliwa. Kwenye meza nyingine hakuna aliyegundua kwamba mashine haina sauti. Kwa Mutwiri, mezani hapakuwa na kompyuta tena.

Kesho yake Mkuu wa Utawala alikuja kuona. Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha. "Basi asiteseke. Akae tu nyumbani, mshahara iwe inaingia mpaka astaafu. Si ni sawa, Mutwiri?"

Mikono ya Mutwiri ilikuwa bado juu ya kibodi. "Madam, nyumbani nimekaa," akasema. "Kabla nipelekwe shule, nilikuwa naketishwa kwa mlango asubuhi, naondolewa jioni. Hata kuku zilikuwa zinanipita juu ya miguu. Tafadhali, nisirudishwe huko."

Mama aliangalia chini. "Fundi, jaribu tena," akaniambia polepole.

Nikatoka na hasira zangu. Kama mdomo wa ndani umekataa, nikawaza, si niupachike wa nje? Kuna kadi ya sauti ndogo kama kidole gumba, huchomekwa pale penye flashi. Stoo yetu haikuwa nayo. Niliipata kwa Mzee Swaleh, anayeuza chaja na visikizi kando ya bucha.

"Iko moja, mama," akasema akiipangusa. "Imekaa hapa mpaka imekuwa mtu wa nyumba. Enda ujaribu, ikikataa urudishe."

Nikaichomeka, nikaweka programu mpya ya kusoma, halafu nikaizima skrini. Sikutaka kuona kitu ambacho Mutwiri hakioni. Nilipapasa kibodi, yeye akinielekeza, hadi sauti ya kigeni ya puani ikatoka ikisoma majina ya faili zake, ikilivuruga hata jina la mji wa Mitunguu.

Mutwiri akakunja uso. "Ni nani huyu sasa?"

"Mgeni."

"Hata Mitunguu hajui kusema."

"Atafundishwa."

Akavuta kiti, akavaa visikizi. "Hii mkutano ya maji ya Mitunguu," akauliza, "tulikuwa tumefika wapi?" Asante hakusema, wala sikuingoja. Nilikwenda nyuma ya ngazi nikalia kwa furaha.

Sasa nimestaafu, nachuma chai yangu Kianjokoma, na magoti yananilipisha kutambaa kote kule chini ya meza. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia wakae kwanza na mwenye mashine wamwone akiitumia, kabla hawajafuta chochote. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na mfumo mpya ni vivyo hivyo.

Kila mara mashine yake inapoguswa na mafundi wapya, Mutwiri hunipigia simu. Yeye mwenyewe hasemi neno. Huisogeza simu kwenye spika, nami husimama kati ya michai, kikapu mgongoni, nikisikiliza ile sauti ya puani ikiharibu jina langu: "Mama Wanja, bado niko kazini."