Wezi Niliowaahidi Kwenye Katuni ya Kijapani

Mpaka leo nikipita kwenye magaraji ya mtaani kwetu Buyenzi hakosekani fundi wa kuacha tairi lake aniulize, "Mutafsiri, wale wezi wamefika?" na wenzake wanacheka mpaka wanaweka spana chini, na mimi nacheka nao, kwa sababu nikinuna ndiyo nitaulizwa hadi uzeeni. Wacha niwaeleze mwenyewe, maana nikiwaachia wao wataongeza chumvi, na aibu ya siku ile inatosha bila chumvi ya mtu.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Nakaa kando ya televisheni katika sinema ndogo ya mtaa, mikro, yaani kipaza sauti, mkononi, filamu inasema lugha yake na mimi naisemea kwa Kiswahili, nawapa watu majina, nawagombeza majambazi, na pale ambapo hakuna kinachotokea naongeza la kwangu (kila mtafsiri anaongeza, asikudanganye mtu). Kijapani sikijui hata salamu, lakini Kihindi nacho sikijui na nimekitafsiri miaka sita, watu wanalia na kesho wanarudi.

Shida ilikuwa Mama Zuhura. Zuhura ndiye binti niliyetaka kumuoa, na mama yake, mjane anayeuza vitambaa sokoni Jabe, mtu wa swala tano na maneno machache, alikuwa hataki hata kusikia wazee wangu wamebisha hodi kwake. "Kazi gani ya kupiga kelele watu wakiuana?" alimwambia binti yake. "Huyo analipwa kudanganya watu." Zuhura akambembeleza wiki mbili mpaka akakubali kuja mara moja tu, Jumamosi baada ya Alasiri, aione hiyo kazi kwa macho yake, halafu atoe jibu, na jibu la Mama Zuhura likishatoka halirudi ndani.

Sasa nimuoneshe nini? Za ngumi haziwezekani, na za Kihindi wanakumbatiana kwenye mvua. Nikapata katuni moja ya Kijapani, safi, haina damu wala busu, na Ijumaa mchana nikaiweka niitazame kwanza kama kazi inavyotaka. Mama mmoja wa makamo anafagia uwanja. Anafagia, anafagia. Nikasinzia, nikaamka, bado anafagia, nikajisemea basi, hii nimeshaielewa, nikazima. Kosa langu lote ni hilo moja, yaliyofuata ni watoto wake.

Jumamosi Mama Zuhura akakaa benchi la mbele na binti yake, na nyuma wakajaa mafundi wa garaji, ambao hawakosi hata siku moja. Katuni ikaanza. Yule mama akamaliza kufagia kwake, usiku ukapita, akaamka, nje theluji, akachemsha maji, akamimina chai katika vikombe viwili, akanywa kimoja, cha pili akakitazama weee, halafu akaenda kukimwaga nje. Hasemi neno. Kesho yake tena, vikombe viwili. Mimi na mikro yangu jasho linanishuka mgongoni, kwa sababu mtafsiri akikaa kimya watu wanaanza kukohoa, na wakishakohoa wanatoka. Basi nikasema, "Ndugu watazamaji, kikombe cha pili kina sumu."

Nyuma wakatulia. "Sumu ya nani?" akauliza Rama, fundi wa breki, ambaye filamu isiyo na ngumi anaihesabu kama tangazo la sabuni.

"Ya mukubwa wa wezi," nikajibu (nimeshaanza, nitarudi wapi?). "Walimuibia nyumba nzima. Sasa hivi akimwaga nje anaijaribu kwa majani. Wanakuja watu kumi na wawili."

"Waje," akasema Rama, akakaa vizuri.

Wezi hawakuja. Alikuja binti mmoja kwa treni, na Wajapani wakatuonesha kila kituo, kila nguzo ya umeme, na kunguru mmoja juu ya nguzo ambaye hana shughuli yoyote. Nikasema huyu ni mpelelezi wa wezi. Mpelelezi akafika, akavua viatu, akamkalisha yule mama na kuanza kumuosha nywele, taratibu, kwa maji ya moto, na ule mvuke umechorwa vizuri mpaka unatamani na wewe uoshwe. Jiwekeni mahali pangu. "Anatafuta ufunguo," nikasema. "Mama ameuficha kwa nywele."

Mama Zuhura akageuka, wala hakupandisha sauti. "We kijana, huyo ni mutoto wake."

"Anajifanya mutoto, mama," nikamjibu, tena kwenye mikro, sinema nzima inasikia.

"Apana. Na kile kikombe ni ya bwana yake. Amekufa. Angalia picha iko kwa ukuta, wamemuwekea na wali. Mi mwaka muzima nilikuwa naweka sahani mbili, halafu ndiyo nakumbuka." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo kitu."

Nikampa mikro. Akaizima, akaiweka mapajani, akarudisha macho kwenye katuni. Nikabaki nimekunja mikono, mtafsiri aliyenyang'anywa mdomo na mkwe ambaye bado hata hajawa mkwe, natamani ardhi inimeze.

Ndipo nikaitazama filamu yenyewe. Ubaya inao, tusifichane: katikati inaanguka theluji mpaka mtu anaweza kwenda kuswali akarudi akaikuta bado inaanguka, Rama alikoroma, na mafundi wawili walitoka kula brosheti za mbuzi wakarudi hawajapitwa na kitu. Lakini siku ya mwisho yule binti aliamka kabla ya mama yake, akachemsha maji, akamimina vikombe viwili, akakaa mahali pa baba yake, akanywa. Hakuna aliyesema neno, na ningesema mimi ningeharibu. Zuhura alikuwa analia. Mama yake hakulia, alikuwa ameshika mkono wa mwanawe kwa nguvu.

Maandishi ya mwisho yakapanda, taa zikawaka, Rama akaamka. "Na wezi?" Wenzake wakalidaka neno, wezi, wezi, wanagonga mabenchi. Mama Zuhura akanirudishia mikro. "Ujibu watu wako."

Ningeweza kusema wezi wako sehemu ya pili (sehemu ya pili imeokoa watafsiri wengi). Lakini Mama Zuhura alikuwa ananitazama machoni, na ulimi ukakataa. "Wezi hakuna," nikasema. "Nilidanganya. Hii filamu sikuitazama, nilisinzia." Walinizomea mpaka watu wa barabara ya pili wakatoka nje kuangalia nani amekamatwa.

Mlangoni nikamkuta Mama Zuhura anajitanda mtandio. Nikasubiri jibu langu kama mgonjwa mbele ya daktari.

"Marehemu baba yake Zuhura," akasema, "miaka makumi mbili na sita, hilo neno la nilidanganya sikulisikia kwake hata siku moja. Na alikuwa anadanganya." Akapiga hatua mbili, akasimama. "Uambie wazee wako wakuje. Lakini we siku hiyo usiongee."

Wazee wakaenda, niliongea mara moja tu, nikanyamazishwa, na leo Zuhura yuko nyumbani kwangu. Somo nimelipata: filamu naitazama mpaka maandishi ya mwisho, na waliomo ndani wakinyamaza najikaza na mimi ninyamaze. Ila za Kijapani za polepole nimeapa, nitazigusa tena siku mama mkwe atakapokwenda Makka kuhiji, na hata hapo nitahakikisha kwanza kwamba ndege imeruka.