Mikono Mitupu ya Twyla Oswalt

"Mama, mgeni akija Las Vegas mara ya kwanza, aone nini kuliko vyote?"

Marnie aliuliza hivyo akiwa na miaka kumi, amekaa juu ya kaunta ya jikoni, miguu inaning'inia. Mama yake, Twyla, alikuwa anaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

"Shuka hapo, utaivunja," alisema tu, akaendelea kuandika.

Bahasha ilijaa mpaka pembeni. Bwawa kubwa la Hoover. Chemchemi zinazocheza kwa muziki. Makumbusho ya mabango ya taa za zamani. Milima myekundu, asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Kamba waliopangwa kwenye glasi na mchuzi mwekundu. Mbavu za ng'ombe za kuoka. Marnie aliisoma orodha mara mbili, ndipo akagundua kwamba kuna mahali hapamo: pale Mama anapofanya kazi.

Twyla alikuwa mgawa karata, meza ya mchezo wa ishirini na moja, katika kasino moja kongwe ya mtaa wa Fremont. Zamu ya mchana, miaka kumi na tisa. Na mgeni alikuwa baba yake mzazi, mzee Verlyn, aliyefanya kazi ghala la mahindi huko Nebraska mpaka akastaafu, mzee wa kanisa, mtu aliyeapa kwamba mguu wake hautakanyaga kasino. Watu wa kanisani kwake aliwaambia binti yake "yuko kwenye mambo ya hoteli." Miaka yote hiyo hakuja. Alipofiwa na mkewe ndipo akakubali, siku nne tu.

Twyla alikuwa anataka jambo moja katika siku hizo nne, na hilo halikuandikika kwenye bahasha: baba yake amwone akiwa kazini, hata mara moja, na asione haya.

Mambo yakaenda mrama tangu uwanja wa ndege. Twyla alimkumbatia baba yake, akachukua begi lake, akalipakia kwenye buti la gari. Halafu akapiga kofi moja dogo, akageuza viganja juu, chini, juu. Ni kitu anachofanya kila mara bila kujua. Akimaliza kupanga sahani, kofi, viganja juu. Akimaliza kumfunga Marnie nywele, vilevile. Pale nyumbani hakuna aliyekiona tena.

Babu alikiona. Alisimama akiitazama ile mikono mitupu.

"Basi," alisema polepole, "mzigo umeshautua."

"Nini, Baba?"

"Hamna kitu. Twende."

Tangu hapo akawa hakubali kubebewa hata koti. Twyla akadhani ni ukali wake wa siku zote, akajikaza, akafuata orodha. Bwawani Babu alifurahi kweli, akauliza mambo ya saruji mpaka yule mtembezaji akaishiwa majibu. Kwenye chemchemi alisema, "Maji mengi hivi, jangwani?" na akatazama mara tatu. Tatizo lilikuwa chakula. Mji huu hufiki mezani bila kukatiza katikati ya mashine za kamari, na Babu alikatiza kichwa chini kama anatafuta sindano.

"Zulia gani baya hivi," alinung'unika.

"Wanaliweka baya makusudi, Baba. Ili uinue macho."

"Basi kwangu wamenoa."

Marnie alicheka mpaka akakwama pumzi. Mama yake hakucheka sana.

Jumamosi Twyla alikuwa na zamu. Alipiga hesabu ya njia usiku kucha, maana bufee ya kazini kwake ndiyo nzuri na familia huingia kwa kadi ya mfanyakazi. "Mnapanda lifti ya maegesho," alimwambia Marnie asubuhi, "mnatokea juu moja kwa moja. Hampiti kwenye meza hata moja. Na Babu asianze na mkate! Mkate ni mtego, unashiba kabla hujafika kwenye nyama."

Babu alianza na mkate. Akala viazi, akala kipande kimoja cha nyama, akakataa sahani ya pili kwa sababu ya kwanza bado ilikuwa na njegere tatu. Kisha akauliza choo. Choo cha juu kilikuwa kinasafishwa, na mhudumu akamwelekeza ngazi za kushuka.

"Nisubiri hapa, mjukuu wangu."

Marnie akasubiri. Akala keki mbili. Akasubiri tena, halafu akashuka.

Huko chini hakuna dirisha wala saa ukutani. Mtu akitoka kwa mlango usio wake, kwisha habari yake. Marnie alimtafuta kwa kofia, akaiona: Babu amesimama nyuma ya kamba nyekundu ya kuzuia watu, hatua nne kutoka meza ya Twyla, kichwa juu.

Alitaka kumkimbilia. Mlinzi akamzuia kwa mkono mpana.

"Mdogo wangu, miaka mingapi?"

"Kumi. Yule ni babu yangu!"

"Watoto hawasimami humu. Kupita unaweza, kusimama hapana. Tembea."

Basi akatembea. Alizunguka njia ya zulia, mashine, baa, mashine, na kila mzunguko alipata kipande kidogo tu cha mambo, hatua chache, kabla mlinzi hajamwashiria aendelee.

Mzunguko wa kwanza, mama yake ameshamwona Babu. Uso umempauka, lakini mikono inagawa tu, karata zinateleza kama zimepakwa sabuni. Mgawa karata haruhusiwi kuongea na ndugu zake mezani.

Mzunguko wa pili, bibi mmoja mezani alikuwa ameinamia mkoba wake, anapekua, anatoa leso, anatoa pipi. Miwani haionekani. Jamaa wa kofia pana ya wachunga ng'ombe pembeni yake anagonga meza.

"Dada, gawa basi! Mpaka huyu aone, mimi nitakuwa nimezeeka kama yeye."

Mzunguko wa tatu, Marnie aliharakisha mpaka karibu akimbie.

"Karata haziendi popote, kaka," mama yake alikuwa anasema, sauti ya upole ileile anayomsomea hadithi. "Bibi, tafuta tu. Angalia mfuko wa pembeni."

"Ipo kichwani kwake!" mtu akapaza sauti, meza nzima ikacheka, na bibi mwenyewe akacheka kuliko wote. Twyla alingoja aivae, aitazame karata yake vizuri. Babu hakucheka. Alikuwa ameshavua kofia.

Mzunguko wa nne, Rogelio, mgawa karata mwenzake, alikuja kumpokea. Twyla akarudi nyuma hatua moja. Kofi. Viganja juu, chini, juu, kuelekea dari. Meza ya jirani mwanamume naye akatoka: kofi, viganja juu. Ya tatu, vilevile. Babu akageuza shingo kutoka mmoja hadi mwingine, kisha akatazama darini, kwenye vile vioo vyeusi vya mviringo. Mdomo ulibaki wazi.

Jioni, kwenye kochi, aliuliza bila kumtazama mtu.

"Kule juu mnamwonyesha nani?"

Twyla hakuelewa kwanza. Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe. "Kamera, Baba. Kila ukiondoka mezani. Waone hujaficha kitu."

"Na kule uwanja wa ndege?"

"Nilifanya? Uwanja wa ndege?" Akaziba mdomo. "Baba! Ni mazoea tu! Siku zote hizi ulidhani wewe ndiye mzigo..."

"Nilidhani nilichodhani." Babu alikohoa. "Kanisani nimekuwa nikisema uko kwenye mambo ya hoteli."

"Najua."

"Haikuwa sawa. Nitawaambia unagawa karata."

"Watakucheka, Baba."

"Wacheke. Nitawaambia kuna bibi alikuwa hana miwani, na watu wanapiga kelele, na wewe ukamngoja."

Twyla alisimama ghafla, akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Marnie alitaka kumfuata. Babu akamkalisha.

Mwaka huu Marnie anamaliza shule. Wiki iliyopita binamu zake wa Nebraska waliandika kwamba wanakuja, mara yao ya kwanza, wanaomba orodha. Alimkuta mama yake ametoka zamu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akamuuliza tena, kwa maneno yaleyale, mgeni aone nini kuliko vyote.

Twyla alichezesha vidole vya miguu majini.

"Waandikie bwawa," alisema. "Waandikie milima, na wale kamba kwenye glasi. Halafu siku moja usiwapangie kitu. Waache wapotee, kama Babu."