Udongo Juu ya Mawe ya Barthélemy

Watu wengi wa Munigi, pembeni ya mji wa Goma, huamini kwamba udongo ni kitu kilichokuwapo tu, kama mvua. Annonciata alijua kwamba udongo hutengenezwa, maana wake aliutengeneza mwenyewe. Ndiyo sababu asubuhi ile, mzee Barthélemy, mwenye kiwanja, alipokuja kusimama mbele ya matuta yake akiwa amevaa koti la kanisani siku ya kazi, alishuku amefuata udongo huo kabla mzee hajafungua kinywa.

"Mama Annonciata, nimekuja tuongee kidogo," alisema. "Hii parseli nimeipatia Gauthier. Mwezi ikiisha, uniachie."

"Gauthier wa kuuza dawa ya wadudu kule Birere? Atalima nini hapa, muzee? Mawe?"

"Atalima ile udongo."

"Ile udongo ni yangu."

Mzee alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto wa jirani. "Udongo iko na mwenyewe? Mungu njo mwenye udongo, mama. Mi niko mwenye chini yake."

Akaondoka akichagua pa kukanyaga, asije akachafua viatu.

Kilichomchoma Annonciata si kufukuzwa. Mpangaji hufukuzwa, hilo alilijua tangu alipokimbia vita Masisi akiwa na mzigo mmoja kichwani. Kilichomchoma ni kwamba mwenye kiwanja alisahau kiwanja kilikuwa nini. Volkano iliposhuka mwaka 2021, moto ulipita juu ya nyumba ya Barthélemy ukaacha ukoko mweusi wenye makali ya kukata kandambili. Mzee alihamia kwa binti yake, na kiwanja kikabaki hakina mtu wa kukitazama. Annonciata alipokiomba, alipewa siku hiyohiyo. Malipo yalikuwa kapu moja la mboga kila juma, mawe yale yakianza kuota kitu. Barthélemy alikubali huku akitabasamu, maana hakudhani yangeota.

Aliupasua ukoko huo, akapanga mawe kuwa kuta za kufika magotini, kisha akaanza kujaza. Wabeba kabichi waliposhuka kutoka Kibumba, akawaomba wapakie gunia la udongo palipobaki nafasi kwenye chukudu, zile baiskeli zao za mbao. Kutoka vibanda vya chakula vya Birere alichukua maganda ya ndizi na mihogo, akayachambua kwa mikono, akitoa mifuko ya plastiki, nyembe, betri za redio. Akaongeza mavi ya sungura. Akageuza, akafunika, akanyunyizia maji aliyoyapangia foleni bombani. Majirani wakampa jina la Mama Pubeli, yaani Mama Jalala, na watoto wakaziba pua wakipita. Mwaka wa kwanza lengalenga, mchicha wa huko, zilitoka fupi kama kidole. Baadaye mtu aliweza kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko bila kugusa jiwe, na nyungunyungu, ambao hakuna aliyewaita, wakajaa humo wanene, wakichimba usiku na mchana.

Dawa hakutia hata tone. Hakufundishwa hilo na semina. Huko Masisi alikuwa kibarua katika mashamba ya viazi, yeye na mumewe Léopold. Léopold ndiye aliyebeba pompi mgongoni. Kila jioni ya kupuliza dawa alitapika, na kila mara mwenye shamba alisema ni malaria. Alisema hivyo mpaka kwenye mazishi.

Lakini mji haukumshukuru. Mteja mmoja, Héritière, dada wa kucha ndefu na maneno mengi, alishika fungu la lengalenga kwenye meza yake sokoni Birere, mbele ya watu, akaliinua juu kwenye mwanga.

"Mama, angalia tundu hizi! Wadudu wamekula kwanza, sasa mi nikule makombo yao?"

"Mududu akikataa kula, weye utajua anakataa juu ya nini?"

"Anakataa juu ya kushiba!" alijibu Héritière, na meza zote zikacheka, na akaenda kununua kabichi zinazong'aa kwenye meza ya pili, zilizopulizwa dawa juzi.

Hivyo ndivyo ilivyo. Dawa ile huuzwa katika chupa za juisi, bila karatasi wala onyo, pembeni ya unga na chumvi. Muuzaji wake haulizwi neno. Anayesimamishwa na kuulizwa ni mwenye jani lenye tundu. Wazazi walewale wanaomchapa mtoto kwa kuokota pipi chini, humpikia sumu jioni na kumbariki kabla ya kula.

Wateja wachache waliobaki na Annonciata, wengine wakitoka mpaka mtaa wa Himbi, walikuja kwa sababu ya neno moja alilowaambia: haina dawa. Hawakuwa na njia ya kulipima. Waliliamini kwa sababu lilitoka kinywani mwake. Neno hilo na ule udongo ndiyo mali yote aliyokuwa nayo, na kimoja hakikuwa na maana bila kingine.

Kwa hiyo alimpeleka Barthélemy kwa shefu wa avenyu, anayesikiliza ugomvi wa mtaa kabla haujafika mbali. Watu wakajaa barazani kwake, maana kesi ya udongo hawakuwahi kuiona.

"Muzee," alisema Annonciata, "ukipanga nyumba, ukaingiza kitanda, siku ya kuhama unaachia mwenye nyumba kitanda?"

"Kitanda si udongo!"

"Ni kweli. Kitanda mutu ananunua. Hii mimi nilitengeneza."

"Na minyoo yake nayo ihame!" mtu alipiga kelele nyuma, wakacheka.

Shefu hakucheka. Alimgeukia Barthélemy. "Muzee, wakati volkano ilipita, ulikuja hapa kulia. Ulisema parseli yako imekuwa mawe, hata mbuzi haiwezi kupata ya kutafuna. Sisi wote tulisikia, hata tulikuchangia mabati. Sasa ile udongo ilitoka wapi?"

Barthélemy alitazama kofia yake.

"Mama achukue udongo yake mpaka siku ya Posho," shefu alisema, akimaanisha Jumamosi. "Kuta abakishe. Mawe ni ya muzee."

Gauthier, kijana mpole wa shati safi, alikuwa amesimama kando muda wote. "Sasa mi nimepanga nini, mawe?" aliuliza, na hapo watu wakacheka kwelikweli. Annonciata naye alicheka. Alidhani ameshinda.

Pa kuupeleka udongo alipapata siku hiyohiyo. Mama Ernestine, mfanyabiashara wa zamani kutoka Butembo, waliyesali naye katika shirika moja la parokia, alikuwa na uwanja wa mawe matupu nyuma ya nyumba. "Leta kwangu," alisema. "Utalima, nitakula kidogo, tutamushukuru Mungu." Na Jumamosi akaita kina mama wote wa shirika kwa salongo, kazi ya pamoja, akapika chai, akatoa beseni zake mwenyewe.

Walibeba tangu alfajiri. Annonciata alibaki kwa Barthélemy akichimba, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kufikia chini bila kuchanganya kokoto. Kina mama walipokea, wakajitwika, wakashuka njiani wakiimba nyimbo za kanisa, na mwendesha chukudu akabeba magunia mazito. Ernestine alikuwa upande wa pili akimwaga na kusawazisha. Kwa mara ya kwanza tangu Masisi, Annonciata alijiona ana watu.

Jioni alishuka na beseni la mwisho. Kabla hajaingia uani, harufu ilimpiga. Aliijua. Ilikuwa ile ya pompi ya Léopold.

Udongo wake wote ulikuwa umetandazwa vizuri, umelowa, na juu yake kulikuwa na vijito vya maji meupe kama maziwa. Nyungunyungu walikuwa wametoka nje. Wengine walijikunja na kujinyoosha. Wengi walikuwa wamekwisha tulia.

"Nani amemwaga dawa?" aliuliza.

"Gauthier!" Ernestine alijibu kwa furaha, akijifuta jasho. "Tena bure, mama, hakuniomba hata makuta! Alipita, akaona minyoo, akasema watoto watacheza hapo, itawaingia. Akaenda kuleta pompi yake. Ile kijana hana roho mubaya, tulimuonea."

"Ernestine, wale si minyoo ya tumbo."

"Munyoo ni munyoo."

"Wale njo walikuwa wanafanya kazi. Mimi nilikuwa nabeba tu. Wao njo walikuwa wanatengeneza."

"Basi tumewapatia konje, wapumzike, walichoka!" mama mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko, wamechoka, wana njaa, wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, wakiwa na hakika kwamba wamefanya jambo jema.

Annonciata alitua beseni chini. Barthélemy aliweza kushtakiwa mbele ya mtaa mzima. Hawa waliombebea tangu alfajiri angewashtaki kwa nani? Ernestine aliuona uso wake, na furaha ikamtoka.

"Kosa yangu iko wapi? Nilitoa parseli, nilitoa mugongo, nilitoa chai. Na dawa umepata bure. Ulitaka nitoe nini tena?"

Kesho yake baada ya misa Annonciata alikwenda Birere kumwuliza Gauthier ile dawa ilikuwa ni nini. Gauthier alimpa kiti. Alimwonyesha dumu kubwa ambalo maandishi yake yalikuwa yamekwanguka.

"Ni ya nyanya, ya viazi, ya kila kitu, mama. Ni nguvu."

"Inakaa muda gani ndani ya udongo?"

Alifikiri kwa dhati. "Inakaa mpaka imalize kazi."

Hakuwa anamdhihaki. Huyo ndiye daktari wa mashamba ya mji wenye watu wengi kiasi hiki, na alikuwa amejibu kwa kadiri ya alichokijua.

Annonciata alimwambia Ernestine kwamba msimu huu hatapanda. Atauacha mvua iuoshe majuma kadhaa, kisha ndipo alete maganda mapya na mavi. Ernestine aliitikia kwa kichwa. Lakini kila asubuhi alifungua dirisha akaona udongo mweusi umelala bure uani kwake, na wajukuu wanakula ugali mkavu. Hakuweza kuvumilia. Akapanda lengalenga.

Ziliota kwa fujo. Majani mapana, laini, yasiyo na doa hata moja. Zilipokomaa, Ernestine alizifunga mafungu na kwenda nazo sokoni Birere, na kwa kuwa hakuwa na meza, alikaa kwenye meza ya Annonciata, ambayo kwa majuma hayo ilikuwa tupu. Tena alimtumia ujumbe aje aone.

Annonciata alimkuta amezungukwa na wateja. Wale wa Himbi nao walikuwapo.

"Ni udongo ya Mama Annonciata mwenyewe!" Ernestine alikuwa akipaza sauti, bila hila yoyote usoni. "Mulikuwa munauliza eko wapi, basi njo hii. Haina dawa!"

Annonciata alijipenyeza mpaka mbele. "Ernestine, usiseme vile."

"Niseme namna gani? Dawa tulitia juu ya minyoo. Kwa mboga sikutia hata kidogo, naapa mbele ya Mungu."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndilo lililomkata Annonciata maini. Angemwona anadanganya angejua la kufanya. Mbele yake alikuwa mwanamke aliyempokea alipofukuzwa, anayemtangaza kwa heshima, na ambaye alikuwa anawalisha watu kitu ambacho Annonciata asingemlisha hata sungura. Angeweza kunyamaza. Wateja wangekwenda zao wakimsifu, na mwezi ujao wangerudi.

Aligeuka kuwatazama wale wa Himbi. "Mama zangu, hii iko na dawa. Ilimwagwa ndani ya udongo, nyingi, na mimi sijui itatoka lini. Asiseme mutu kwamba mimi nilisema haina."

Mteja mmoja alirudisha fungu lake mezani taratibu, kisha wa pili. Uso wa Ernestine ulikuwa umekuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji barabarani.

"Unaniaibisha mbele ya batu? Mimi?"

"Siaibishi weye. Nasema yenye iko."

"Basi kuja utoe udongo yako kwangu. Leo hii! Uitwike na uipeleke kwenye kunakupendeza, weye mutakatifu peke yako Goma nzima."

Annonciata alifikiria zile beseni, zile nyimbo njiani. Ni mama gani wa shirika angejitwika tena beseni kwa ajili yake? Na aupeleke wapi? Ni uwanja wa nani aende kuomba, ili amwage kitu ambacho yeye mwenyewe hakitaki?

"Bakisha," alisema. "Ni yako. Panda unachotaka. Lakini jina langu usiweke juu yake."

Héritière alikuwa amesimama nyuma, mikono kiunoni, akifuata maneno yote kama mchezo. Sasa alisogea, akachagua fungu lililo kubwa kuliko yote, akalipindua huku na huku.

"Hii nzuri, sha," alimwambia Ernestine. "Wagombane wao. Niwekee mbili."

Ernestine alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akamwekea mbili, na mafungu yale mawili yaliyorudishwa yakachukuliwa na mikono mingine kabla Annonciata hajafika mwisho wa safu ya meza.