Steringi Aliyebaki Shimoni

Nikikwambia kwamba Majengo nzima, hapa Dodoma, ilikaa miaka bila kujua kama mtu fulani alitoka shimoni au alifia humo, utasema mimi Matonya nimeanza uongo wangu. Sema tu. Nimeitwa mwongo na watu waliosoma kuliko wewe, na wote walirudi kuniuliza iliendeleaje.

Mwenye habari hii ni mpwa wangu Restuta, binti wa dada yangu Anyesi wa kule Mlali. Enzi hizo za ruksa, mitumba imejaa sokoni na kila mwenye chumba kafungua biashara, Restuta alikaa mlangoni kwenye banda la video la Bushiri. Huyu Bushiri ni mtoto wa mjini hasa. Babu wa babu yake alifika na misafara ya pembe, akaona Dodoma panatosha, hakuona sababu ya kuendelea mbele. Na ndani ya banda, kando ya televisheni, nilisimama mimi na fimbo yangu, nikiwafasiria watu maneno ya filamu. Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini watu hawakuja kusikia Kiingereza. Walikuja kunisikia mimi.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kijana aliyetupwa akachimbe mgodi chini ya mlima, mkewe akabaki juu anamngoja. Mkanda wake ulikuwa mmoja tu mjini, na kipande cha mwisho fundi wa Bushiri alikuwa amekirekodia harusi ya shangazi yake. Steringi, yaani kijana wetu huyo, anapanda ngazi, mkono unaugusa mwanga, mara bibi harusi wa Kondoa anakata keki. Hata kitabu kilichozaa filamu hiyo nilikiona sokoni, nikakisoma, yaani nusu, maana nusu ya pili ilikuwa imekwisha kufungiwa karanga. Basi mwisho nikautunga mwenyewe. Siku nyingine alitoka na dhahabu, siku nyingine na kiwete mgongoni, kutegemea nyuso za watu.

Restuta hakunikubalia hata mmoja.

"Huo ni mwisho wako, mjomba," alisema. "Mimi nataka wa kwake."

Mumewe, Ludovick, alikuwa amekwenda Mererani kuchimba. Neno lake la mwisho alilileta dereva wa lori: yupo, mzima, anashuka shimoni zamu ya usiku. Baada ya hapo malori yalipita bila neno. Sisemi hiyo ndiyo sababu ya Restuta kuung'ang'ania mwisho ule. Nasema alikwenda.

Ndipo Bushiri akarudi kutoka Dar na mashine ya gemu, na kaseti moja iliyobandikwa picha ya steringi wetu yule yule, shoka mkononi. Filamu wameigeuza gemu, unamwendesha mwenyewe. Siku ya kwanza kijana mmoja wa Chang'ombe alishika padi, akamwendesha steringi hatua chache, akamtumbukiza kwenye ufa. Akafa. 

"Steringi hafi," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Rudisheni."

"Huyu anakufa, baba," Restuta akamjibu. "Ana roho tatu. Ya nne hana."

Vijana walicheza wakachoka. Yeye hakuchoka. Gemu lilikuwa na hatua nyingi, na mashine haikutunza kitu: umeme ukikatika, ukiwashwa unaanza juu kabisa. Na miaka ile ya mgao, umeme ulikuja kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti. Mara kadhaa Restuta alifika karibu na ngazi ya mwisho, televisheni ikazimika usoni pake. Watu wakaacha kunisikiliza mimi, wakaja kumtazama yeye. Nilimwita mke mdogo wa steringi. Alicheka, lakini mikono haikuondoka kwenye padi.

Sasa macho. Kwetu vumbi ni jingi, nzi ni wengi, na maji ya kunawa ndiyo hayo hayo ya kupikia. Restuta alikuwa na ugonjwa wa vikope tangu mdogo. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, kila akipepesa zinakwaruza jicho. Alitembea na kibano kwenye pindo la khanga, akizing'oa moja moja, nazo zikiota tena, ngumu zaidi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakodolea kile kioo kama anakidai.

"Nikicheza sipepesi, mjomba," akasema. "Ndipo haziumi."

Kumbe kule kutopepesa nako kulikuwa kunamkausha macho. Nani angejua?

Dada Anyesi akaja kutoka Mlali na kitenge chake cha safari. Alisema madaktari wa macho wanakuja zahanati, wiki moja tu. Wanazipindua kope, wanashona, unakaa na bandeji, basi. Na wiki yenyewe ilikuwa ya Bunge. Sisi wa Majengo tuliamini kwamba waheshimiwa wakiwa mjini umeme haukatiki, na sijui kama ni kweli, lakini Restuta alikuwa ameingoja wiki hiyo kama watu wanavyongoja mvua.

"Shikamoo mama. Wakirudi tena nitakwenda."

"Wakirudi lini? Wewe ndiye uliyewaita?"

"Na Bunge nalo sikuliita mimi."

"Macho yako, Restuta."

"Yananitosha wiki hii."

Anyesi akanigeukia. "Kaka, mwambie. Wewe si ndiye mwenye mdomo."

"Mwache, dada," nikasema. "Anakwenda kumtoa mume wa mwenzake shimoni."

Banda zima likacheka. Anyesi hakucheka. Alifunga kitenge, akaenda kuvizia lori la kumrudisha.

Madaktari walirudi, ndiyo, mwaka uliofuata, na wakati huo jicho la kulia lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha. La kushoto walilishona kope. Wakasema kope tumezinyoosha, lakini jicho lenyewe limekwisha kuharibika. Leo Restuta anajua tu mlango uko upande gani, kwa ule weupe wa mwanga wake. Ila hayo yalikuja baadaye.

Jumamosi ile ya Bunge umeme ulisimama imara. Alianza asubuhi. Kufika mchana machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, hayafuti, na banda limejaa watu waliosahau kula. Akafika kwenye ngazi ya mwisho akiwa na roho moja. Akaniita, kwa sauti ndogo.

"Mjomba, sogea hapa. Ngazi iko wapi?"

Nikadhani anatania. Nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

"Kushoto kwako. Ngoja. Jiwe linapita. Ruka."

Akaruka.

"Ruka tena. Panda. Panda."

Akapanda. Televisheni ikawa nyeusi. Maandishi meupe yakapita haraka, majina ya watu nisiowajua. Jua halikuwepo, wala mke. Kisha steringi akasimama tena mdomoni mwa shimo, hatua ya kwanza, roho tatu, shoka mkononi. Watu wote wakanitazama mimi. Restuta alikuwa ameziba macho kwa khanga, mkono mmoja, mwingine bado kwenye padi.

"Ametoka?"

"Ametoka."

"Mkewe yupo?"

"Yupo, mama. Huyo hapo mlangoni, ameacha ndoo imwagike, anakuja mbio, nyuma yake kijiji kizima na ngoma, ng'ombe mia mbili wa kuchinja, na bwana mkubwa wa mgodi amepiga magoti anaomba ra—"

"Mjomba," Restuta akasema, "nikibonyeza, mbona bado namsikia anaruka?"