Moto wa Cheche

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unamwita Cheche, na mageti yake hayang'oki hata ukiyagonga na lori. Jikoni, lakini, alikuwa balaa tupu. Dada yangu, yaani mkewe, alipopata saratani ya koo, Cheche alijitwika upishi wote na kukataa msaada wa mtu yeyote. Mimi nilibaki kwenye kistuli cha jikoni nikimtazama anavyounguza vitu.

Habari ya kidari cha kuku ilianzia kwa daktari. Dada alikuwa amemaliza awamu ya kwanza ya mionzi. Mate yalimkauka, ngozi ya shingo ilibabuka, alikonda akabaki mifupa mitupu. Daktari akasema awamu ya pili haitaanza mpaka aongeze uzito, kisha akataja kidari. Cheche akaondoka na neno hilo kama amri ya serikali. Supu niliyompelekea dada siku moja, akaimeza bila taabu, Cheche aliiita maji ya kuoshea vikombe.

"Shemeji, supu haijengi mtu. Nyama ndiyo inajenga."

Kidari cha kwanza alikifungulia gesi mpaka mwisho, utadhani anakata nondo. Nje kikawa mkaa, ndani kikawa kikavu kama kamba ya katani. Dada alitafuna, akatafuna, mwisho akakitema kwenye leso.

"Nisamehe, baba watoto," akasema.

Nilitamani kumtwanga Cheche na kikaango chake. Mgonjwa ndiye anaomba msamaha! Yeye wala hakujifunza. Siku iliyofuata alikichemsha mpaka kikawa nyuzi. Mara nyingine alikikatakata, vipande vikatoka kokoto. Dada akazidi kupungua, hata pete ya ndoa akaizungushia uzi isimdondoke. Mimi uvumilivu ukaniisha.

"Cheche, hebu nikuulize. Bati jembamba unalichomelea kwa moto uleule wa nguzo ya geti?"

"Nani kakwambia? Bati unaligusa, unatoka. Ukikaa hapo, linatoboka."

"Haya. Na hicho kidari je?"

Aliniangalia kama nimemtukania mama yake.

Kesho yake alirudi mapema kutoka karakana. Alikiloweka kidari kwenye maji ya chumvi, akaenda kuoga. Aliporudi alikifuta kwa kitambaa, akakilaza juu ya ubao na kukigonga kwa chupa upande ule mnene mpaka kikalingana. Akapasha kikaango, akatia mafuta kidogo. Kilipopata rangi alikigeuza, akapunguza moto, akafunika. Akawa anafunua na kukibonyeza kwa kidole. Halafu akazima gesi, mimi nikiwa na uhakika bado hakijaiva.

"Kimebaki kidogo tu, kitajimalizia kwa joto lake," alisema. "Tukisubiri kiive motoni, tumeshachelewa."

Tukakaa wawili tunautazama mfuniko kama watu wanaongoja kuku atage. Alipokikata kwa kukatiza nyuzi, majimaji safi yalitiririka kwenye sahani, na nyama ndani ilikuwa nyeupe, imeiva, inang'aa. Nilimeza mate, na sikuona aibu.

Dada alikula. Polepole, kwa vifunda vya maji, lakini alimeza, akachukua kipande kingine. Cheche alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, meno yote nje.

"Unaona? Wiki ijayo tunakwenda kupima uzito. Wakituandikia hiyo awamu ya pili—"

Dada aliweka uma chini. Sauti yake siku hizo ilikuwa mnong'ono tu.

"Umejuaje wakati wa kuzima?"

"Nilikibonyeza. Kikishakaza, basi, umeshakiua."

"Hakirudi tena?"

"Hakirudi. Hata ukimwagie mchuzi ndoo nzima."

Dada akauchukua mkono wa mumewe, ule mkono wenye makovu ya cheche, akauweka shingoni pake, pale palipopigwa mionzi.

"Bonyeza."

Cheche alibonyeza taratibu. Nilimwona uso unavyombadilika. Alitaka kuuondoa mkono, dada akaushikilia.

"Zima, baba watoto," akasema. "Nimechoka kuungua."

Mimi niliyejifanya mjuzi wa moto nilitaka kupiga kelele kwamba hapana, aongeze uzito, arudi hospitali, apigane. Cheche alinitangulia. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya shuka, dada akimpapasa kisogo. Sahani ilikuwa palepale, nyama inapoa.

Wiki iliyofuata hawakwenda kupima uzito. Kila jioni Cheche alirudi mapema, akaloweka, akagonga, akafunika, akazima. Alimpikia hivyo mpaka jioni ile dada alipotikisa kichwa kuikataa sahani. Hakumbembeleza. Alikaa kitandani kando yake, akamshika mkono.